Kiwanja cha kona na michongoma ya Koko

Faini ya kwanza katika kisa hiki ilimwangukia mtu asiye na pori. Ni bibi mjane wa miaka sabini na kitu, mtaa mzima tunamwita Koko. Nyumba yake imezungukwa na ua wa michongoma uliopandwa na marehemu mumewe, enzi hizo upande wetu wa Arusha migomba ilikuwa mingi kuliko mabati. Masika ya 2024 yalikuwa makali. Michongoma ikachipua kwa fujo, matawi yakatokeza barabarani kiasi cha urefu wa mkono. Siku ya ukaguzi afisa afya wa kata alipita na mgambo wawili, akapima kwa jicho, akaandika. Shilingi 50,000. Kontroo namba ikatoka kwenye mashine pale pale getini.

Koko akanishikia karatasi. "Mwanangu, hii ndiyo nini?"

Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Na lile?"

Lile ni kiwanja cha kona. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa, kazi isiyo na mshahara wala posho, na faili la kiwanja hicho nimelibeba kwa zaidi ya mwaka. Naandika kisa chake chote kwa sababu kila ninapokutana na watu wa mitaa mingine, Arusha hii hii na hata Moshi, wanaanza kwa kusema "sisi tuna pori moja hivi", na wanamalizia kwa kusema viongozi wamelala. Kwetu hakuna aliyelala. Ndiyo maana kisa chenyewe ni kigumu kukielezea.

Kiwanja kina ukubwa wa kama mita 30 kwa 40. Mbele kinapakana na barabara ya vumbi, nyuma kinateremka hadi kwenye kijito kinachoingia mto Themi. Katikati kuna msingi wa mawe ambao haukuwahi kupandishwa ukuta, na nondo nne zimesimama zikiwa zimeshika kutu. Masika yale, kufikia Mei, mabingobingo yalikuwa yamempita mtu mzima kimo. Ndani yake kulikuwa na minyonyo, vichaka vya lantana, mgrivea mmoja mrefu, na pembeni rundo la taka ambalo kila mmoja anasema si lake. Kuna kinjia kinachokatiza, wanafunzi wanakipita alfajiri kukiwa bado giza. Mwezi Aprili msichana wa kidato cha pili aliporwa begi humo. Wiki mbili baadaye kijana wa bodaboda aliua kifutu kwenye ule msingi, akamtundika juu ya nondo ili watu waone. Tulimwona siku tatu, harufu yake ikatosha kututia adabu.

Hoja ya mbu niiseme haraka niipite, maana kila kikao lazima iibuke. Nyasi hazizai mbu. Mbu anataga kwenye maji yaliyotuama, na pale maji yalikuwa kwenye makopo na matairi ya lile rundo la taka. Afisa afya mwenyewe alitueleza hivyo, na alikuwa sahihi. Hata ukifyeka kiwanja kikabaki kipara, kama matairi yapo, mbu nao watakuwepo.

Kwa nini Koko na si kona

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Sheria ndogo za usafi wa mazingira za halmashauri nyingi nchini zinamtaka mkazi au mmiliki aweke eneo lake na linalomzunguka katika hali ya usafi. Anayekiuka hupewa notisi, asipotii anaandikiwa faini. Akikiri, kosa linafifilishwa kwa malipo ya papo kwa papo. Akikataa, anapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mlolongo huu wote unamhitaji mtu: wa kupokea notisi, wa kukiri au kukataa, wa kusimama kizimbani. Koko alikuwepo. Alifungua geti, akawakaribisha, nusura awape chai. Alikiri bila kujua kwamba anakiri.

Kona haina geti wala mtu wa kulifungua.

Notisi ya kwanza ya kona iliandikwa siku ile ile, kwa jina la "Mmiliki wa kiwanja", ikagongwa kwa msumari kwenye mgrivea. Mvua iliila ndani ya siku tatu. Ya pili iliwekwa ndani ya nailoni, na nailoni ikaondoka na mtu aliyeihitaji zaidi. Ya tatu ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, ikakaa vizuri sana, ikasomwa na kila mtu isipokuwa mhusika. Siku saba zikapita, kisha kumi na nne. Mtendaji wa mtaa alinijibu kwa upole: "Katibu, niletee jina. Siwezi kushtaki nyasi."

Watu humlaumu afisa afya kwamba anaonea wanyonge. Mimi nilimlaumu pia, kwa wiki kama mbili hivi. Baadaye nilipanda naye pikipiki siku nzima nikaona anavyofanya kazi. Ana kata nzima: mabucha, vioski vya chakula, vyoo vya shule, maji machafu yanayofunguliwa usiku mvua ikinyesha. Mtu anayepimwa kwa idadi ya maeneo aliyoyakagua hana sababu ya kukaa masjala ya ardhi kutwa akitafuta jina la mtu ambaye huenda amekufa. Anaandika palipo na mtu. Matokeo yake, sheria iliyotungwa ili kupunguza pori inawabana waliokwisha kulipunguza, kwa kuwa wao ndio waliopo nyumbani.

Kuna na suala la kipimo. Neno "safi" linapimwa kwa jicho, na jicho la saa tatu asubuhi si jicho la saa nane mchana juani. Wenzetu wa Chicago, kule Marekani, wameandika namba kabisa: magugu yakizidi wastani wa inchi 10, yaani kama sentimeta 25, ni kosa, na faini inahesabiwa kwa kila siku. Hata hivyo kesi zimefika hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2015, watu wakibishana gugu ni nini na ua la asili ni nini. Kwa hiyo namba peke yake haimalizi maneno. Lakini ingempa Koko kitu cha kupimia michongoma yake kabla mgambo hawajafika.

Jina

Tulichangishana tukafanya upekuzi ofisi ya ardhi. Jina likatoka, na namba ya kiwanja na kitalu. Nikalisoma mbele ya kikao, mzee mmoja nyuma akaguna. "Huyo tulimzika Machame. Mwaka 2006."

Kwenye karatasi mmiliki alikuwa hai, na kodi ya pango la ardhi inaendelea kuhesabiwa kwa jina lake. Kwa kweli ni miaka kumi na minane. Watoto wanne: wawili Dar es Salaam, mmoja Mwanza, mmoja yuko ughaibuni na hajaonekana tangu mazishi ya mama yao. Mirathi haikufunguliwa. Pasipo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna mtu ambaye kisheria ni "mmiliki" wa kupelekewa notisi. Ukimwandikia mtoto mmoja, atakujibu, kwa haki kabisa, kwamba kiwanja si chake peke yake. Ukiwaandikia wote wanne, kila mmoja anasubiri mwenzake ajibu kwanza.

Hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Zamani halmashauri zilikusanya zenyewe kodi ya majengo, na mkusanyaji alijua kila mlango. Mwaka 2016 kazi hiyo ilihamia Mamlaka ya Mapato, TRA, na tangu 2021 kodi inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Ni mfumo rahisi, sina ugomvi nao. Ila unaona nyumba yenye mita ya umeme tu. Kiwanja kitupu hakina mita, hakinunui umeme, hakimsumbui mtu yeyote kwenye kompyuta yoyote. Pango la ardhi linakwenda Wizara ya Ardhi, na Wizara haihusiki na urefu wa nyasi. Kwa macho ya mifumo yote inayolipwa na kulipisha, kona yetu ni hewa. Inaonekana kwa wanaopita kwa miguu tu.

Nikiwa kwenye msiba mwingine kabisa, Julai, nilikaa na mwanamke mmoja kwenye mkeka, tukajikuta tunazungumzia kwao. Alikuwa binamu wa wale watoto. Alinipa namba ya simu ya mkubwa wao, kaka wa Dar. Nilipiga jioni ile ile, nikiwa nimejiandaa kwa vita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ni kuhusu kile kiwanja, si ndiyo?" Alikuwa anasubiri simu hiyo kwa miaka.

Maelezo yake yalinivunja nguvu. Baba yao alipewa barua ya toleo miaka ya tisini, na sharti la kawaida la kujenga ndani ya miezi 36. Alianza msingi, pesa ikakata, akaugua, akafa. Watoto walipotaka kuendeleza, wakaenda kuulizia kibali cha ujenzi, wakaambiwa wapime kwanza umbali kutoka kijitoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja kizima kina urefu wa mita 40, na mgongo wake unagusa maji. Yaani kipimwe vyovyote, kiko ndani.

"Sasa niambie," akasema, "barua moja inaniambia nijenge nisije nikanyang'anywa. Sheria nyingine inaniambia nisijenge. Na wewe unaniambia nifyeke. Nifyeke ili iweje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mwenye mali mzembe, nikamkuta mtu aliyekabwa. Hawawezi kujenga, hawawezi kuuza kwa bei ya maana kwa sababu mnunuzi naye atauliza habari za kijito, na hawataki kutumia fedha kufungua mirathi ya mali isiyozalisha chochote. Tishio la mwisho la sheria ya ardhi, kufutiwa miliki, liko mikononi mwa Rais na lina hatua zake ndefu. Hakuna mtaa unaopeleka pori la robo eka mpaka Ikulu.

Kila mwenye kipande chake

Kabla sijafika kwenye kosa letu wenyewe, nieleze pale pamekaaje. Ukisimama kwenye kona ile ukazunguka taratibu, unagusa mamlaka nne bila kuhama. Ukanda kati ya kiwanja na barabara ni hifadhi ya barabara, na barabara ya aina hii iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu uanzishwe 2017. Nyaya juu ya mgrivea ni za TANESCO, matawi yakizigusa ni wao wanaoyakata. Kijito na kingo zake viko ndani ya Bonde la Pangani, lenye bodi yake ya maji Moshi. Kilichobaki katikati ndicho kiwanja, mali ya marehemu.

Lawama za kawaida zinataka mmoja kati yao awe mkosaji. Mimi niliwaandikia wote barua, na majibu niliyopata, kwa mdomo au kwa maandishi, yote yalikuwa sahihi. Kila mmoja alinieleza mpaka wake unaishia wapi. Pori halikuwa na mpaka wowote. Lilianza kijitoni likaishia kwenye mtaro, likiwa moja.

Jambo la ajabu kuliko yote ni kwamba nusu ya pori lile tulipaswa kulilinda. Mabingobingo ya kule nyuma ndiyo yaliyoshika ukingo. Upande wa juu, kwa jirani aliyefyeka mpaka kwenye maji na kupanda mboga, kijito kilikula kama mita moja na nusu ya udongo masika yale. Kwenye kona hakikula hata shubiri. Nyasi zile zile, ukizitazama ukiwa barabarani, ni kero ya afya. Ukizitazama ukiwa kijitoni, ni hifadhi ya mazingira. Notisi ya kuambiwa "fyeka eneo lako lote" ingemfanya mmiliki atii sheria ndogo huku anavunja sheria kubwa.

Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inaruhusu mamlaka kuingia, kuondoa kero na kumdai mhusika gharama. Kwenye kikao cha kata lilizungumzwa hilo. Swali likawa: mhusika yupi? Fedha ya kufyeka ikitoka leo, itarudi kwa kontroo namba ya nani? Mtendaji akafunga daftari.

Na uchaguzi ulikuwa unanukia. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa 27 Novemba 2024, na wenyeviti walikoma madaraka kabla ya uteuzi wa wagombea. Kuanzia Agosti hivi hakuna mwenyekiti anayetaka kuonekana amesimama na mgambo kwenye geti la mpiga kura. Simlaumu wetu. Alikuwa mtu mwema, na aliposhindwa aliniachia funguo za ofisi na fyekeo mbili zisizo na mpini.

Kosa letu

Sasa aibu yetu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa jumla, utaratibu uliokolea nchini baada ya Desemba 9, 2015, siku ile sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi. Ilikuwa Juni, mvua zimekatika. Kamati iliamua: mwenye mali hayupo, basi tunafyeka wenyewe. Tulikuwa watu arobaini na kitu, vijana wa bodaboda, akina mama wa kikoba, mafyekeo na mapanga. Kufikia saa nne asubuhi sehemu yote ya mbele ilikuwa chini. Tulipiga picha. Koko alileta uji wa ndizi.

Jumatatu, watu watano walikuwa na vipele mikononi na shingoni. Mmoja macho yalivimba mpaka yakabaki mistari. Tulidhani upupu. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo mtaani ndiye aliyeokota shina kwenye rundo, akatuonyesha. Majani yamechanika kama ya karoti, shina lina mifereji na vinyweleo, vichwa vya maua vidogo vyeupe kama mchele uliopasuka. "Hii ni gugu karoti," akasema.

Mgeni huyu asili yake ni Amerika, na hapa Arusha aliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Anasafiri kwa matope ya matairi, kwa kwato, kwa maji ya mtaro, kwa mchanga wa ujenzi. Akiota, wiki nne hadi sita tu anatosha kutoa maua, na shina moja linaweza kuangusha mbegu zaidi ya elfu kumi na tano. Anawasha ngozi, anachochea pumu, na ng'ombe akimla maziwa yanakuwa machungu. Tuna bahati moja: mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, makao yake makuu ni Arusha hii hii. Mtaalamu mmoja tuliyekwenda kumwona alituuliza swali moja tu.

"Mlimkata akiwa na maua?"

Tukatazamana.

Ukimfyeka gugu karoti akiwa amekomaa, umefanya kazi mbili kwa niaba yake. Kisiki kinachipua matawi mengi zaidi, na mbegu unazitawanya kwa mikono yako. Anatakiwa kung'olewa na mzizi, akiwa mchanga, udongo una unyevu, mikono imevikwa glavu au hata mifuko ya nailoni, kisha akaushwe na kuchomwa. Sisi tulimkata Juni akiwa mweupe pepe, tukamburuta kiwanja kizima, na masalia tukayatupa ukanda wa barabara ili gari la taka liyakute.

Kana kwamba hiyo haikutosha, Agosti tulimruhusu mzee mmoja aingize mbuzi wake, wale majani yaliyochipua. (Mifugo kuzurura mjini nako kunakatazwa. Tuliona afadhali kosa moja kuliko lingine.) Mbuzi si wajinga. Walikula kila kitu isipokuwa gugu karoti. Vuli iliponyesha, Novemba, kiwanja kilichokuwa na mabingobingo, minyonyo na lantana kiligeuka zulia la kijani kibichi la mmea mmoja. Tulikuwa tumempalilia.

Ninaposikia mji wowote unajisifu kwamba notisi zimetolewa na viwanja vimefyekwa, siku hizi nauliza mwezi gani. Agizo la "fyeka ndani ya siku 14" likitolewa Mei, linatekelezwa Juni, wakati mbegu zimekomaa. Agizo hilo hilo lingetolewa wiki ya tatu ya mvua, likasema "ng'oa" badala ya "fyeka", lingekuwa sheria nyingine kabisa. Katika faili langu hakuna karatasi hata moja inayotaja jina la mmea.

Kilichofanyika

Hatukumtoza mtu. Nilimpigia tena kaka wa Dar, Novemba, nikamweleza habari za gugu karoti na mbuzi. Alicheka sana, kisha akatulia. Nikamwambia: hatutaki mfyeke, hatutaki mjenge, tunataka mtukubalie mtu atumie majani.

Hofu yake ilikuja mara moja, na ilikuwa ya haki. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na mtaani kila mtu anamjua mtu aliyeazimwa shamba akaja kuwa mwenyeji. Ndiyo maana warithi wengi wanaona heri pori kuliko mwazimaji. Pori halidai ardhi. Tukaandika makubaliano ya mwaka mmoja mmoja, yakitaja wazi kwamba anayetumia ni mwalikwa, hana haki ya ardhi, hapandi mti wala hajengi. Warithi watatu walisaini kwa picha za simu, wa ughaibuni akatuma sauti WhatsApp akisema amekubali. Mtendaji akagonga muhuri kama shahidi.

Anayetumia ni mama mmoja wa mtaani mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wa kufungia bandani. Tulimchagua yeye kwa sababu ya maziwa. Mwenye mahindi angemvumilia gugu karoti pembezoni, lakini mwenye ng'ombe hawezi, maziwa yakiwa machungu wateja wanakimbia. Kwa wiki tatu za Novemba na Desemba alifanya kazi na vibarua wawili, mifuko ya nailoni imefungwa kwa raba mikononi, wanang'oa miche iliyolala bapa ardhini kabla haijanyanyuka. Kisha akapanda majani ya Guatemala sehemu ya mbele. Hakuna kulima, udongo hauguswi, hivyo kijito kiko salama. Mabingobingo ya nyuma yameachwa kama yalivyo, anayavuna kwa zamu bila kung'oa shina. Kinjia kimepanuliwa mita mbili, na kila asubuhi kuna mtu na mundu, jambo ambalo vibaka hawalipendi.

Gugu karoti hajaisha. Mbegu zake zinakaa ardhini miaka, na kila mvua inaamsha nyingine. Ndani ya kiwanja mama anazimudu. Kwenye ukanda wa barabara, pale tulipotupa yale masalia Juni, bado anachanua, na pale si kwa mama. Nimeandika barua ya pili, inasubiri jibu.

Koko alilipa zile elfu hamsini. Mwanawe alizituma kwa simu, nami nikamchapishia risiti. Aliitia kwenye nailoni akaitundika kwa uzi karibu na mlango, kwa kuwa alivyoelewa yeye, ile ni leseni ya michongoma.

Mwaka uliofuata, mwezi Mei, kata ilipata afisa afya mpya. Kijana, nadhifu, pikipiki inang'aa. Alisimama kwenye kona siku yake ya pili kazini, majani ya Guatemala yamefika kifuani, akatoa daftari. Nilikuwa ng'ambo, nikaanza kuvuka barabara kwenda kumweleza, na faili la karatasi kumi na tisa nililiacha nyumbani.

"Eneo hili ni la nani?" akauliza kwa sauti.

Koko alikuwa ameshatoka getini, ameshika nailoni yake juu. "Nilishalipa," akasema.